Jumamosi ya Mara Tatu

Jumatano, 11 Februari

Wifi Kokila kaja kutoka Rajkot na kicheko chake. Jumamosi ni siku ya mara tatu! Mnajimu Trambak kathibitisha: Jumamosi, siku ya saba tangu mwezi mpevu, nyota ya Vishakha – vyote vimekutana. Ukifanya la heri siku hiyo, litajirudia mara tatu. Basi wanakwenda kununua bangili za dhahabu, yeye na kaka yake – huyu mume wangu Dhiren. Mama yao yuko chumba cha pili, saratani inamla, wao dhahabu. Haya.

Mama kala vijiko viwili vya uji wa mchele na choroko. Katapika.

Ijumaa, 13 Februari

Daktari kaondoka bila kunywa chai. Kasema ni leo au kesho.

Kesho! Kokila kapiga yowe. Kumbe siku hiyo haichagui, msiba nao hujirudia. Mama akifa kesho, atavuta wawili wengine wa nyumba hii. Dhiren kampigia simu mnajimu. Jibu: nyota zinaachana kesho saa kumi alasiri. Akivuka hapo, tumepona.

Tangu hapo hakuna anayemwuliza Mama anaumwa wapi. Wanamwuliza, "Mama, utajikaza?" Ajikaze na nini, jamani!

Jioni kaniita kwa kidole. Anataka maji ya mto mtakatifu Ganga na jani la mrehani wa uani. "Nipe, mwanangu, niende zangu." Kila anayekata roho kwetu hupewa. Nimekwenda kwenye madhabahu – kichupa cha shaba hakipo! Dhiren kakifungia kabatini. Ati akiyaonja tu, anaondoka. "Jigna, na wewe una mtoto. Mfikirie Malhar."

Nimefikiri. Nimemchukia.

Jumamosi, 14 Februari

Maumivu yamezidi. Mama analia bila sauti, ulimi mkavu. Nimemwambia Dhiren huyu ni mama yako, si mfungwa. Kokila kanirukia: "Wewe wa kuja tu, uchungu wake utaujulia wapi!" Mimi! Niliyemwosha mwaka mzima! Ningefungua mdomo, tusingezikana.

Saa nane. Wote wako sebuleni, macho kwenye saa ya ukutani. Ufunguo wa kabati umo kwenye shati la Dhiren la jana. Nimeutoa.

Nimempa. Jani moja, maji kidogo. Kameza. Kanishika kidole, kanitazama vizuri, kama zamani. Halafu basi.

Ee Ram. Ee Ram.

Dhiren yuko nje ya mlango. "Yupo?"

"Yupo," nimesema. "Kalala. Msimwamshe."

Kifua hakipandi. Naandika ili nisipige kelele.

Huko nje wamepumua. Kokila anacheka – kama Mama katulia, tuwahi kwa sonara kabla ya saa kumi! Wanamtuma Malhar atangulie na pikipiki, akawashikie foleni.

Mimi siku zote nasema ni upuuzi. Upuuzi mtupu wa Trambak! Lakini namsikia mwanangu anatafuta funguo za pikipiki, na nimeinuka.

"Malhar!" nimeita. "Usitoke!"

Kisha sauti ya Dhiren, polepole, karibu kabisa na mlango:

"Kwa nini asitoke?"