Mpya ya Katoni

Ndosho, Goma, tarehe 14 Juni

Papa yangu mpendwa,

Ninakusalimu sana, wewe na Mama, hapo nyumbani Kiwanja. Natumaini goti lako limepoa na kwamba maharage yamekauka vizuri kabla ya kupigwa. Sisi hapa ni wazima, ila mwanangu Gisubizo ana mafua ya vumbi, na unajua Ndosho bila vumbi si Ndosho. Wewe husema barua zangu ni fupi kama risiti. Leo utanivumilia.

Unakumbuka kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kufunga zawadi za harusi: vikapu, sahani, mablanketi, vyote ndani ya nailoni ile inayong'aa. Watu waliusifu mkono wangu. Ndipo Bwana Evariste, mwenye duka la michezo ya video, akaniita kwake. Nilidhani ananitaka kwa kuuza, kumbe ananitaka kwa nailoni.

Kazi yenyewe ni hii. Mteja ananunua mchezo, anaucheza wiki mbili, anauchoka, anaurudisha abadilishiwe. Evariste anafuta alama za vidole kwenye kasha, ananiletea. Mimi nakata nailoni, nakunja pembe, napitisha mashine ya kukaushia nywele mpaka ibane, kisha kasha linarudi kwenye rafu ya vitu vipya. Siku ya kwanza nilimuuliza kama huo si uongo. Alicheka, akasema, "Mama Gisubizo, kama mutu anakuta nailoni iko juu, kitu iko mupya. Ni ya carton!" Nikacheka naye. Haukupita mwezi, nami nikawa nawaambia wateja "ya katoni", yaani mpya kabisa kutoka kiwandani, bila haya yoyote.

Sasa nije kwenye lile lililovuruga nyumba yetu. Lévi alipotaka mchezo wa mpira wa mwaka huu kwa ajili ya chumba chake cha michezo hapo Kiwanja, alinipigia mimi dada yake. Nikampa Donat kifurushi akipeleke kwa pikipiki, maana ndiye mchumba wa mdogo wetu Umwiza, na kubeba mizigo ya Goma na Kiwanja ndiko kunakomlisha. Kilifika nailoni imechanika pembeni. Ndani Lévi akakuta diski ya zamani, imekwaruzika kama sufuria. Donat alisema nailoni ilichanikia mfukoni kwa mashimo ya barabara. Lévi akasema nailoni ya kiwandani haichaniki hivyo, basi Donat amefungua, ameuza diski mpya na kutia mbovu.

Ulinipigia simu, Papa, ukaniuliza mara moja tu kama kitu kilitoka dukani kizima. Nilikujibu kwamba kilitoka kipya, cha katoni. Ukaniamini. Kesho yake ukawapelekea wazazi wa Donat neno kwamba siku ya mahari haipo tena, kwa kuwa huwezi kumpa binti mtu anayemwibia shemeji yake.

Tangu hapo hakuna mfanyabiashara anayempa Donat mzigo. Anabeba abiria tu, na abiria wenyewe wanaketi wamekumbatia mifuko yao. Umwiza aliniandikia kwenye simu kwamba chakula hakimpiti, na kwamba ananishukuru mimi peke yangu katika nyumba yetu, kwa sababu sikutamka neno baya juu ya Donat. Nilisoma maneno yake nikaona aibu hata ya kuinua uso mbele ya wateja.

Papa, Donat hakufungua kitu. Ile diski ya zamani ilikuwa ndani tangu dukani. Kuna mteja aliyerudisha kasha na kubaki na diski nzuri, nasi hatukutazama ndani. Nailoni ile niliifunga mimi. Ilichanika kwa sababu ni ya vikapu vya harusi, haikutengenezwa kwa safari ya pikipiki.

Na bado sijamaliza. Asubuhi ile nilikuwa na makasha mawili ya mchezo huo, moja limetoka kweli kiwandani, jingine nimelifunga kwa mkono wangu. Mbele yangu alisimama mwalimu mmoja mkali, mtu wa kurudi na kelele akidanganywa. Nikampa yeye lile zima. Lile la pili nikamtumia Lévi, kwa kuwa ni ndugu yangu, na nilijua hata likiwa bovu hatanigombeza. Kweli hakunigombeza. Alimgombeza Donat.

Jana nilimwambia Evariste kwamba sirudi. Nakuomba uisome barua hii kwa sauti mbele ya Mama, Lévi, Umwiza na wazazi wa Donat, bila kuruka mstari. Kama hutapenda nije siku ya mahari, nitakaa huku. Ila siku hiyo iwepo, Papa.

Anayekuletea barua ni Donat mwenyewe. Nitampa leo mchana kituoni kwao, na bahasha sitaibandika. Najua ataniomba niifunge vizuri mbele ya wenzake, maana anaogopa kusemwa tena, nami nitakataa. Akiisoma njiani, ni haki yake kujua kabla yenu. Akifika hajaisoma, mkaribishe ndani, umpe kiti, kisha uanze kusoma.

Umsalimie Mama na wote wa nyumbani, na Lévi naye, kama atapokea salamu zangu. Mungu awalinde mpaka tutakapotazamana.

Binti yako mkubwa,
Olive Mukakalisa