Ndiyo Mwalimu, Tumeelewa

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla ya Ijumaa maana nimekwama, na mimi si mtu wa kukwama. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mbili, darasa la mtihani ni langu miaka yote hiyo, na kwangu hata kalamu ikianguka inasikika, wenzangu wananiita Mama Nidhamu na sikatai, najivunia. Sasa mwalimu mkuu kanituma nikae nyuma kwenye madarasa ya wenzangu watatu, niangalie wanavyofundisha, nimwandikie ifikapo Ijumaa nani kati yetu wanne anafaa darasa la mtihani mwakani. Wa mwisho alikuwa binti niliyemfundisha mwenyewe, enzi zile nikimwita Kichwa Kigumu.

Kwake kelele tupu, nikajisemea hapa hakuna mwalimu. Mtoto mmoja ubaoni akajumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, mimi ningeshafuta, yeye akamwuliza, “Ulikuwa na nusu mkate, ukaongezewa, mbona umebaki na pungufu ya nusu? Nani kakuibia?” Darasa likaangua kicheko, mtoto naye akacheka, akachukua kifutio akaanza upya mpaka akapata. Kisha binti hakuuliza kama wameelewa, aliuliza, “Nani amekwama, na amekwama wapi?” na mikono ikapaa, mshauri, wanagombania kusema hawajui! Mimi nikiuliza “Tumeelewa?” wangu wanaitikia “Ndiyooo mwalimu!” mpaka madirisha yanatetemeka, na ukutani nimebandika “Kuuliza si ujinga” na mwaka huu hajauliza hata mmoja.

Kengele ilipolia nikamwuliza kajifunzia wapi. Akasema, “Kwako, mwalimu. Nilikuitikia ndiyo mwaka mzima, na hesabu za sehemu sikuzielewa hata siku moja.” Hakusema kwa ubaya, hata mkoba alinibebea. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo, usinicheke, nikajaa fahari, maana ni mwanafunzi wangu yule! Nikiandika ukweli, darasa linaondoka. Nikiandika “darasa lake lina kelele,” sijadanganya. Niandike nini?

Mama Nidhamu

Mama Nidhamu, pole, na hongera kwa macho. Mwingine angesikia kelele tu akaenda kunywa chai. Wewe uliona mikono.

Lakini hilo la “sijadanganya” liache, mtu mzima wewe! Hiyo ndiyo mbili yako ya tano. Umechukua ukweli ukaujumlisha vibaya, na mwizi wa mkate ni wewe.

Andika leo, usingoje Ijumaa. Andika mkate, andika kicheko, na jina la binti liwe la kwanza. Useme pia kwamba ulimfundisha, uringe kabisa, nani atakukataza? Mwanafunzi akikupita, nusu ya sifa ni yako. Nusu nyingine ni yake, na umwombe radhi kwa lile jina la Kichwa Kigumu, na usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Halafu kesho ingia darasani kwako uulize nani amekwama, kisha unyamaze. Watakutazama kama mgonjwa. Vumilia, wewe si ndiye wa nidhamu? Mkono mmoja utainuka, na hapo usimwambie mtoto “si nilishaeleza jana.” Mshukuru.

Darasa la mtihani likienda kwa binti, omba dawati la nyuma mara moja kwa wiki, na akiuliza, inua mkono.

Na mimi usiniandikie kwamba umeelewa. Niandikie ulipokwama.