Ubao wa Ghorofa ya Nne

3 Machi

Baba yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila si mzima sana. Huku ofisini tunakopokea simu za wateja, ikifika saa nane mchana vichwa vinatugonga na usingizi unatuelemea ghorofa nzima. Madirisha hayafunguki. Jana nimempa mteja anwani ya mtu mwingine. Msimamizi anasema ni uvivu; nimeshapewa barua mbili za onyo, ya tatu ni kwaheri. Wewe ndiye uliyeweka viyoyozi vya jengo hili. Hebu niambie, kuna nini?

Mwanao

8 Machi

Marahaba mwanangu. Goti lipo, ukilibembeleza linazidi kudeka. Mashine zile hazina shida, niliziweka kwa mikono yangu. Tangu mdogo ukishiba tu unasinzia, leo unasingizia kiyoyozi! Punguza chakula cha mchana, kunywa maji, inuka utembee kidogo. Utazoea.

Baba yako

29 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini u mzima. Juzi mwenzangu wa meza ya pili, mjamzito wa miezi sita, alizirai akajigonga kwenye kona ya meza. Ameshonwa nyuzi tano. Mtoto yu salama. Ndipo akaitwa fundi. Kafungua dari, kakuta bomba la kuingiza hewa ya nje limezibwa kwa ubao, skrubu nane. Kumbe tulikuwa tunavuta pumzi zetu wenyewe.

Ubao una vipimo vya penseli, na saba ina mkato katikati. Mwandiko huo ndio ulioandika jina langu kwenye madaftari yangu yote ya shule. Sijamwambia mtu. Msimamizi anasema hakuna ajuaye ubao uliwekwa lini, kwa hiyo barua zangu za onyo zinabaki palepale. Ni wewe, Baba?

Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu. Ni mimi. Miaka sita iliyopita meneja wa wakati huo alilalamika vyumba havipoi haraka, joto la nje linailemea mashine. Nikaziba, nikasema nitarudi kuufungua msimu ukibadilika. Sikurudi. Niliona haya, ndiyo maana nikakutania badala ya kukujibu. Nimemwandikia bosi wako kila kitu, pamoja na tarehe na sahihi yangu. Hakuna jengo litakaloniita tena, na wasiniite. Nisamehe. Mwisho wa mwezi nitakuja nikuone.

Baba yako

11 Aprili

Baba, shikamoo. Barua za onyo zimefutwa. Hewa sasa ni nzuri, hata saa nane watu wanataniana, na makosa yamepungua. Asante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi.

Kusahau kuufungua, sawa, fundi ni binadamu. Lakini uliposoma barua yangu ya kwanza ulijua. Ukaniacha nikae mle wiki tatu, hadi mwenzangu akaanguka. Hilo ndilo linaloniuma, na sijajua nilifanyie nini. Mwisho wa mwezi usije. Nikiwa tayari nitakuandikia mwenyewe.

Mwanao