Friji la Mama Zuhura

Chamazi, Jumapili jioni

...nikazima swichi kwenye mita yetu wapangaji, nikasimama uani kusikiliza. Wenzangu wote walikuwa wametoka. Friji la Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, likanyamaza. Sasa yeye si ana mita yake?

Kila siku anasema sie ndo tunamaliza umeme. Mie nina taa moja na chaja ya simu, na wiki hii tumechanga mara mbili. Yeye anauza barafu mtaa mzima.

Akatoka ndani. "We bubu, umeme umekatika?" Ndivyo anavyoniita, kwa vile siongei sana.

"Shikamoo mama," nikasema, nikawasha. Friji likaanza kunguruma.

"Marahaba. Kumbe bubu unajua kuzima." Akacheka.

Sijakipenda kile kicheko. Kodi yangu inaisha mwezi huu, akinitoa sina pa kwenda. Ila nikinyamaza, tutamlipia barafu mpaka lini...

Braza Musa wa chumba cha mbele karudi, namsikia anaoga. Yeye anajua kuongea na watu. Akitoka tu bafuni inabidi nikamwonyeshe, maana nimemsikia Mama Zuhura akimpigia simu fundi aje leo hii, na waya wa friji ukishahamishwa kwenye mita yake hakuna atakayeniamini.