Chafya ya Chui wa Theluji

Riyadh, 24 Mei 2024

Eddah,

Chamgei, dada? Natumai joto la Jeddah halijakuyeyusha. Mimi sijambo, ila kazini, hapa bustani ya wanyama, tumepata msiba na mtoto kwa pamoja. Yule chui wa theluji ninayemtunza kazaa wawili. Mmoja akafa, wa pili mama akamkataa. Nikapewa mimi nimlee kwa chupa, kwenye chumba chenye baridi kama ya kwetu Kaptagat mwezi wa Julai. Hakunyonya. Daktari alikata tamaa.

Basi nikafanya kama kwetu mtoto akizaliwa: nikataja majina ya marehemu wetu, nikingoja apige chafya. Nyanya Tapkigen, kimya. Shangazi Selipher, kimya. Nikaguna tu, "Eddah angejua la kufanya, yeye aliyelea kondoo yatima." Akapiga chafya! Akamaliza chupa. Sasa una wajina mwenye madoa. Cheka kidogo.

Kakako, Kipchumba

Al-Baghdadiyah, Jeddah, 7 Juni 2024

Kaka,

Chamgei mising. Mimi si mzima, na sicheki. Tangu lini mtoto anapoitiwa majina akatajwa aliye hai? Huitwa aliyekwenda, ili arudi. Mimi niko hapa napiga pasi kanzu za bosi. Ulikuwa unanirudisha kutoka wapi?

Madam kanishika mkono akashtuka: "Eddah, leish barid?" Mbona baridi hivi? Nje watu wanachemka, mimi nimevaa sweta na bado baridi haitoki. Mpe mnyama huyo jina lingine, yalla. Naogopa, Kipchumba.

Dadako, Eddah

Riyadh, 21 Juni 2024

Dada,

Pole sana. Hali yako vipi? Nilimwita Tapkigen, hakugeuka. Jana nikakaa kutwa bila kutaja jina lako. Hakugusa chupa. Alijikunja na ncha ya mkia mdomoni, kama wewe ulivyokuwa ukilala na pindo la leso mdomoni. Jioni nilishindwa, nikamwita. Akanyanyuka. Nisamehe. Je, sweta umevua?

Kakako, Kipchumba

Jeddah, 28 Juni 2024

Kaka,

Salamu. Siku uliyonyamaza sikuweza kuinuka. Madam alidhani nimekufa, akaita ambulensi. Jioni nikasikia sauti yako ikiniita, na harufu ya maziwa puani. Ndipo nikainuka.

Sasa usiache. Asubuhi na jioni, niite. Nakusihi kwa kaburi la mama.

Dadako, Eddah

Riyadh, 12 Februari 2026

Dada yangu,

Chamgei? Nijibu hata kwa neno moja. Nimekuita kila siku kama tulivyopatana, nawe ukawa mzima, ingawa sweta hukuvua. Lakini jana wamemchukua. Amekomaa, anapelekwa bustani ya wanyama nchi ya mbali akapandishwe. Wanasema chui hawa wamebaki wachache, hawawezi kuzalishana ndugu kwa ndugu. Niliomba niende naye. Kafili, mwajiri wangu, akasema mafi, halas: hakuna, basi.

Nililiandika jina lako kwenye kreti kwa rangi nyekundu, nikamfundisha dereva kulitamka. Amenipigia leo: uwanja wa ndege wamelifuta. Huko aendako wameshamchagulia lao.

Tangu asubuhi naita kwenye banda tupu. Wenzangu wananitazama kwa huruma. Simu yako inaita tu, na madam hapokei.

Eddah. Eddah. Eddah. Ukisikia, inuka.

Kakako, Kipchumba