Bangili ya Mapacha na Sindano ya Dira

Jumatatu, 5 Machi 1956

Kuanzia leo naandika yote, hata yanayotia haya. Nimechoka. Maji mara tatu, pacha mmoja wa Mama mgongoni, halafu shule.

Barua ya Baba imefika kutoka Kabambare. Mzungu anayepima barabara ya Salamabila aliugua, akamwachia Baba dira. Mstari umepinda — watu wamekata msitu siku nne wakatokea bwawani! Mzungu amepona, na lawama zote ni za Baba. Jumatatu ijayo mzungu ataandika neno baya katika kitabu cha kazi cha Baba. Nani atamwajiri tena?

Jumatano, 7 Machi

Leo Masera Odile, mtawa anayetufundisha, alitueleza habari za Lord Kelvin. Alipima joto kuanzia pale ambapo baridi haiwezi kuzidi. Tena alitengeneza dira ya meli. Chuma cha meli kilivuta sindano ikadanganya. Naye akaweka matufe mawili ya chuma kando ya dira, yakaisawazisha. Feza, jirani yangu wa dawati, akanong'ona: "Chuma kinaponya chuma? Kama shemeji kupatanisha shemeji!"

Sikucheka. Baba ana bangili ya chuma mkono wa kushoto. Bibi yangu Mwamvita aliwavisha yeye na Mama, kila mmoja yake, mapacha wetu walipozaliwa. Haivuliwi mpaka watoto watembee.

Ijumaa, 9 Machi

Nimemleta Mama shuleni. Aibu! Unga wa muhogo mpaka viwikoni. Masera akaweka dira mezani, akamwambia asogeze mkono. Sindano ikaifuata bangili kama kifaranga. Mama akaruka: "Iko na uhai?"

Masera akasema nimwandikie Baba aivue.

"Aivue? Mutoto akikufa, Masera, wewe utamuzika?"

Hasani, pacha mmoja, ana homa tangu juzi. Masera akaisogeza dira kando.

Jumamosi, 10 Machi

Homa haijashuka. Mama hajalala, macho yangu yanajifumba yenyewe. Heri dereva anapeleka kamyo yake ya mizigo Kabambare sasa hivi, anarudi kesho. Anapiga honi — huyu naye!

Sikumwambia Baba aivue. Lord Kelvin hakung'oa chuma cha meli. Nimeandika: mwombe mzungu aweke dira juu ya kisiki, wewe na bangili yako msimame mbali, apime upya. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, nijibiwe na kamyo hiyohiyo: Baba, siku zile nne dira uliishika kwa mkono upi?