Kwa Bunsong Wangthong, Jambazi wa Filamu Zisizo na Sauti

Mwaka umetimia leo, Bunsong, tangu ulipolala pasipo mtu wa kukwambia, "Haya, inuka, turudie."

Ulikuwa umezoea kufa na kuinuka. Ulikufa kwa risasi, kwa kisu, kwa kusukumwa darajani. Siku nyingine ulikufa kwenye filamu za waongozaji watatu kabla ya chakula cha jioni, na shati la kila kifo umelikunja vizuri kwenye kiti cha nyuma cha gari. Ini lako lilipogoma, gazeti liliweka picha yako na kuandika juu yake: "Safari hii ni kweli." Watu walicheka. Mkeo Lamai aliikata picha, maneno akayatupa.

Muuza samaki wa soko la Bang Rak aliwahi kukumwagia miguuni maji yenye magamba.

"Hayo ni ya yule yatima uliyemchomea nyumba," akasema.

Ukaunganisha viganja ukamwamkia. "Samahani, dada. Nipe wawili, walionona."

Akakupa wawili waliooza. Wiki iliyofuata ulirudi kwake, ukasema mtu anayekuchukia hivyo hajakosa filamu yako hata moja. Na hospitalini, siku zako za mwisho, muuguzi alikuomba utoe kile kicheko cha jambazi ndipo akuchome sindano. Ulikitoa. Akaenda kuwaita wenzake, ukakitoa tena.

Nyumbani hukuwahi kupaza sauti. Ulipiga pasi nguo zako mwenyewe, ulimenya maembe kwa ajili ya wanao Orasa na Wirat, na kila usiku kabla ya kazi ulitembea uani ukikariri maneno. Wenzako waliona ni wazimu. Kamera za filamu za kwetu hazichukui sauti. Kila ukumbi na kila gari la sinema lina mtia sauti wake, anayekaa kando ya projekta na kipaza sauti na kuwasemea wote, wanaume, wanawake na mbwa. Mbele ya kamera wengine walihesabu moja mbili tatu, mradi midomo iende. Wewe ulisema kila neno.

"Bunsong, unamsemea nani? Kamera kiziwi hiyo."

"Huyu ninayemuua si kiziwi," ukawajibu.

Mama yako, Bibi Phan, hakuyajua haya. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili kabla hujaanza kujulikana, na kule kwao Bang Mun Nak hakuwahi kuona hata filamu yako moja. Ulikuwa ukimwendea kwenye mwaka mpya, ukaimwagia mikono yake maji ya maua kwa heshima, ukamwambia maneno machache, kisha uchovu ukakuangusha mkekani. Naye alikaa kando yako akisikiliza unavyopumua.

Tulipoupeleka mwili wako kwake ili uchomwe moto hekaluni, hakulia. Alipapasa jeneza, akamwita Lamai.

"Kwenye hizo filamu, mwanangu anasema?"

"Anasema, mama."

"Basi nipelekeni nikamsikie. Sina haja ya kingine."

Lamai aliona kumweleza zaidi siku ile ni ukatili. Tukaliita gari la dawa, ambalo huonyesha filamu ili watu wakusanyike wauziwe dawa, kwa kuwa ndilo lililokuwa na filamu yako. Mtia sauti wake anaitwa Sang. Hakuwahi kukutana nawe. Lamai alimsihi asiuze kitu jioni ile.

"Dada, dawa ndiyo inayoendesha gari," Sang akasema. "Nitauza mara moja tu, mkanda ukibadilishwa."

Giza lilipoingia, majivu yako yakiwa bado ya moto, kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye uwanja wa hekalu. Bibi alikaa mbele kabisa, kopo lake la tambuu mapajani, Orasa ubavuni. Ulipotokea, watu walizomea. Sang alikupa sauti nzito, yenye mkwaruzo, inayovuta mwisho wa kila neno.

Bibi akaacha kutafuna. "Ndiye?"

"Ndiye, Bibi."

"Sauti imekuwa nzito. Ni zile sigara."

Akasogea mbele kwa makalio mpaka mkeka ukamwishia. Kwenye kitambaa ulikuwa umemshika mjane mkono ukimtaka atoe hati ya shamba. Bibi akasema kwa upole, kama mtu anayesema na aliye chumba cha pili, "Bunsong, mwache mwanamke wa watu."

"Mkanye, Bibi, huyo hasikii la mtu," mmoja akasema nyuma, watu wakacheka.

Hakuwajali. Kila uliposema, alikujibu. Alikuuliza kama umekula. Alikuuliza kwa nini mwaka jana hukuja. Ulipomtukana polisi, alikukumbusha kwamba baba yako hakuwa mtu wa matusi. Na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu apate habari, analia na huku anatabasamu, akimpigapiga Orasa gotini. "Yupo, mjukuu wangu. Msikie."

Shujaa akakuelekezea bunduki. Mkanda ukaisha, taa ikawashwa, na sauti ile ile, nzito, yenye mkwaruzo, ikasema:

"Ndugu zangu, kabla huyu hajapigwa risasi, nani hapa ana minyoo? Msione haya. Chupa moja inamtosha mtoto, mbili zinamtosha mama mkwe."

Uwanja mzima ulicheka. Bibi aligeuza uso kule kwenye gari.

"Bunsong anauza dawa?"

Jirani yake Chalui, aliyekuja kununua chupa, akamwinamia. "Bibi naye. Huyo ni Sang. Mwanao humo ni bubu. Wote humo ni mabubu."

"Sauti yake wameiweka wapi?"

"Hawakuichukua, mama," Lamai akasema.

"Filamu zote hizo?"

"Zote."

Taa ikazimwa, ukapigwa risasi, watu wakapiga makofi. Bibi akalifunga kopo lake la tambuu.

Asubuhi Sang alifika nyumbani, akapiga magoti mbele yake. "Bibi, nifundishe alivyokuwa akisema. Popote gari litakapokwenda nitamsemea hivyo."

Bibi aliinamisha kichwa, akatafuta. Kisha akasema yale uliyozoea kusema ukifika mlangoni: "Mama, nimekuja." Yalitoka mazito, yenye mkwaruzo, yamevutwa mwisho. Akajaribu tena. Ilikuwa sauti ile ile ya Sang. Akajifunika mdomo kwa kitambaa cha tambuu.

"Nilikuwa nayo jana," akasema.

Sang aliondoka bila kuaga. Sisi nasi tulijaribu kuiiga sauti yako, kila mmoja kivyake, na tuliyoyapata tunaona aibu kuyaandika.

Mwezi uliopita gari lingine lilipita Bang Mun Nak na filamu yako nyingine. Orasa alikuwa huko, na Bibi alitaka apelekwe. Mtia sauti alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, ya haraka. Hujamaliza hata kumtishia mtu wa kwanza, Bibi alikuwa amekwishashika fimbo yake.

"Twende nyumbani," akamwambia Orasa. "Huyo si Bunsong. Mwanangu sauti yake naijua."

Orasa alimshika mkono wakaenda. Sasa kila akipata mtu wa kumuuliza, Bibi anauliza Sang atapita lini.

Unakumbukwa na mama yako Phan, mkeo Lamai, na wanao Orasa na Wirat. Uso wako tunao, Bunsong, na hautatutoka maisha yetu yote.